Mrejesho: injini ya boti iliyokuwa ikizimika

Ndugu zangu, nawashukuru kwa ushauri mlionipa kuhusu injini yangu ya mipigo miwili hapa Matema ambayo, hata baada ya fundi kusafisha kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa), ilizimika kila nilipoongeza mwendo. Niliijaribu kwanza ndani ya pipa la maji, ikanguruma vizuri na kutoa maji ya kupoozea, jambo lililonidanganya, kwa kuwa pipani sikuthubutu kuizungusha kwa kasi. Ziwani Nyasa ilipoanza kufifia, mwenzangu aliminya pampu ya mkono inayosukuma mafuta kwenda kwenye injini, kama mlivyoelekeza, nayo ikachangamka papo hapo. Ndipo tulipogundua kwamba mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka kwenye kiungo na unavuta hewa. Nimeubadilisha na haizimiki tena, ingawa asubuhi bado ni ngumu kuwaka, na plagi mpya hazikusaidia.