Tupeane uzoefu: tongosimba na ndege wadogo wala mbegu

Mwana Pongwe: Tangu asubuhi tongosimba wanabeba nyasi kwenye mdimu wangu, nimekumbuka mbali. Wenye visa vyao leteni.

Mdau wa Muheza: Umenitonesha. Sisi tulikuwa tukiwanasa kwa ulimbo wa mfenesi, lakini siku ile kaka akataka makinda. Akapanda mdimu, kiota cha duara, mlango ubavuni. Akatia vidole, akasema, “Bado mayai, meupe pee.” Tawi la nyuma lilikuwa na nyigu. Nikasikia ukelele, huyo chini, miba imemchana mgongo mzima. Uso ukavimba hadi macho yakaziba, halafu pumzi ikaanza kumkata. Baba alimbeba mgongoni mpaka zahanati, mimi nyuma nalia. Alipona. Kumbe ndege hawa mara nyingi hujenga karibu na nyigu makusudi, wapate ulinzi.

Binti Kaole: Kweli tupu, hata kwetu mdimu wenye tongosimba hausogelewi.

Mkulima wa Ruvu: Mnawasifia, sisi Bagamoyo tunashinda kwenye dungu, kile kilingo cha shambani, tukiamia mpunga wasiule.

Mwana Pongwe: Anayemaliza mpunga ni kweleakwelea, ndugu yangu. Yule ni jamaa ya mnana, ndege msuka viota, tongosimba ana ukoo mwingine kabisa.

Mkulima wa Ruvu: Ukoo haunihusu. Tongosimba hutua juu ya suke, likainama, akakamua punje ingali maziwa. Usinifundishe shamba langu.

Binti Kaole: Jamani, aliyeumwa na nyigu apakwe nini?

Shangazi Chumbageni: Kitunguu maji, mwanangu.

Mzee wa Mwambao: Kitunguu cha nini mtu hapumui? Hospitali mbio! Na dawa ya kwanza ni kutopanda mdimu.

Jirani wa Pangani: Mmemsahau fumbwe, yule dume wa mkia mrefu. Jike lake hutaga kwenye viota vya ndege wengine wadogo wenye mdomo mwekundu. Kinda lake huzaliwa na madoa kinywani yanayofanana na ya makinda wenyeji, basi analishwa pamoja nao. Wala hawatupi wenzake nje.

Shangazi Chumbageni: Afadhali huyo ana haya.

Mwana Pongwe: Mdimu wangu sikati, waleleane tu.

Mkulima wa Ruvu: Sawa, mpunga ukichanua njoo dunguni uwabembeleze. Teo za kurushia mawe ninazo.