Tamari kwenye kikundi cha akina mama: tusome vipi bila kutonesha vidonda?

Mama_Usharika, Kasulu
Bwana asifiwe wapendwa. Kikundi chetu kinataka kusoma 2 Samweli 13, habari ya Tamari, binti wa Mfalme Daudi aliyebakwa na Amnoni, ndugu yake wa baba. Kati yetu wamo waliobakwa, na wengine walivuka ziwa wakikimbia vita. Mzee mmoja wa kanisa anashauri kila mama atoe ushuhuda, aombewe, asamehe siku hiyohiyo. Je, ni salama? Utaratibu uweje?

Mwalimu_wa_Biblia, Tabora
Asifiwe mama. Ushuhuda wa lazima uacheni kabisa. Mwenye kiwewe akisukumwa kusimulia, mwili unarudi kwenye tukio: moyo unaenda mbio, au anaganda asiweze hata kujibu. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, alieleza hatua za kupona kiwewe mwaka 1992: kwanza usalama, ndipo kukumbuka na kuomboleza, ndipo kujiunga upya na watu. Mzee anaruka ya kwanza.

Fuateni njia ya Kituo cha Ujamaa cha Pietermaritzburg, Afrika Kusini, na kampeni yao ya Tamari. Wanawake 8 hadi 12 wanatosha, waongozaji wawili, saa moja na nusu. Someni mstari wa 1 hadi 22 kwa sauti, msiruke kitu. Kisha ulizeni: kila mwanamume humu alichangia nini? Yonadabu, rafiki wa Amnoni, ndiye aliyebuni hila ya kujifanya mgonjwa. Daudi ndiye aliyemtuma binti kwa Amnoni. Mstari wa 21 anakasirika sana, na hakuna analomfanya mwanawe. Absalomu anamwambia dada yake anyamaze kwa kuwa Amnoni ni ndugu yake. Hapo mtasikia akina mama wanaanza kuongea, maana maneno hayo wanayajua. Endeleeni: Tamari anajitetea vipi mstari wa 12, 13 na 16? Mungu yuko wapi? Usharikani kwetu wapo akina Tamari, na tuna nini cha kuwasaidia? Maswali yamhusu Tamari, ili asiyetaka kujitaja aseme kupitia yeye.

Muuguzi, Ujiji
Naongeza ya mwili. Mlango msiufunge kwa komeo. Mwongozaji wa pili akae karibu nao. Akitoka mtu, amfuate bila kumhoji. Anayeganda akanyage sakafu kwa nguvu na ataje vitu vitano anavyoviona. Msimwekee mtu mikono kichwani kabla ya kumwomba ruhusa, wala msiwaamrishe wafumbe macho.

Aliyebakwa karibuni awahi hospitali ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia VVU. Ya kuzuia mimba ni ndani ya siku 5, ila mapema ndiyo bora. Kutafuta PF3, fomu ya polisi, kusimcheleweshe; Dawati la Jinsia na Watoto la polisi litafuata. Akiwa mtoto, pigeni 116, ni bure.

Mwanatheolojia, Sikonge
Kuhusu msamaha wa papo hapo: Luka 17:3 inaanza na kuonya, halafu toba, ndipo kusamehe. Kumwambia aliyeumizwa "beba msalaba wako" kunamlinda aliyemuumiza, na wanatheolojia wanawake wamelipinga hilo kwa haki. Wa Afrika walijipanga Accra mwaka 1989, Mercy Amba Oduyoye akiwaongoza, wakisisitiza kwamba maisha ya wanawake yenyewe ni mahali pa kuanzia theolojia. Shelly Rambo, mwanatheolojia wa Marekani, naye mwaka 2010 aliandika kwamba wenye kiwewe wanaishi Jumamosi ile kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka. Kwa hiyo msiwakimbize kwenye haleluya. Fungeni kwa Zaburi ya 88, inayoishia gizani na bado ni sala.

Mzee naye apewe kazi: awasomeshe wanaume sura hiyohiyo kwenye kikao chao, aanze na Yonadabu.