Ubwiri unga kwenye bangi niliyopanda uani, Ontario: nifanye nini na maua yameshaanza?

mwana_wa_newala (24 Agosti)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Niko London, ile ya Ontario, Kanada. Niseme mapema tusije tukapotezeana muda: tangu tarehe 17 Oktoba 2018 sheria ya huku inaruhusu kuotesha miche minne ya bangi nyumbani kwa matumizi yenu wenyewe. Ni minne kwa nyumba, hata mkiishi watu wazima sita. Jimbo la Quebec limekataa hata mmoja, lakini sisi hatuko Quebec. Mbegu nilinunua duka lenye leseni, ua una uzio mrefu wa mbao, na watoto wangu ni watu wazima wenye nyumba zao. Anayetumia ni mume wangu, usiku, kwa sababu ya mgongo uliomwandama tangu aanguke kazini. Daktari wake anajua. Naomba hilo tuliache hapo.

Shida yangu ni unga mweupe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa namwagilia. Kwenye mche wa tatu, majani ya chini karibu na uzio, nikaona doa jeupe la mviringo, kama mtu aliyekuwa anasonga ugali wa muhogo ameligusa jani kwa kidole. Nikalifuta, likafutika. Nikainua jani la pili, madoa matatu. Moyo ulinienda mbio, kwa sababu kitu hicho nakijua tangu nina miaka saba.

Mimi ni wa Newala, kule Mtwara, kusini mwa Tanzania. Baba alikuwa na mikorosho, na ikifika mwezi wa saba alituamsha saa kumi alfajiri. Sisi wadogo tunabeba mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya kuua kuvu, yeye na kaka yangu wanawasha bomba la mgongoni, wingu la njano linapanda mtini mpaka kilele hakionekani. Alikuwa anasema lazima iwe alfajiri, upepo umelala na umande bado uko kwenye maua, ndipo unga unashika. Tukirudi macho yanawasha na nguo zinanuka kiberiti hata zikifuliwa. Kwetu mtu akitaja ubwiri unga, huo ugonjwa wa kuvu wa unga mweupe, watu hawawazi jani. Wanawaza ada ya shule.

Sasa hali ilivyo. Maua yalianza kama wiki mbili zilizopita, bado madogo. Mche wa tatu umeshikwa majani kama kumi na tano, wa nne majani mawili, miwili iliyobaki sijaona kitu. Mchana joto ni 26, usiku linashuka mpaka 14, na asubuhi kila kitu kimelowa umande. Nakiri miche nimeibananisha, kati ya mmoja na mwingine hakuna hata mita moja, na wa tatu na wa nne hawaoni jua mpaka saa tano. Halafu pembeni nina maboga, na majani yake nayo yameanza kuwa meupe.

Je, maboga ndiyo yaliyoleta ugonjwa? Naweza kutumia salfa kama baba? Na maua yakishapata unga, yanafaa kwa mtu kuvuta au la? Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu mapafu si yangu.

bwana_shamba_mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya ugani Mtwara na Tandahimba miaka mingi. Bangi siitetei, na wanaotusoma kutoka Tanzania wakumbuke kwamba huku ni kosa la jinai. Lakini ubwiri ni ubwiri, na umeuliza kama mkulima, nitakujibu kama mkulima.

Kuhusu maboga, yaondolee lawama. Kuvu wa ubwiri wana koo nyingi, na karibu kila ukoo una mmea wake au jamii yake ya mimea. Unaoshika korosho hautashika bangi yako hata ukiumwagia mfuko mzima, na wa maboga mara nyingi hubaki kwenye jamii ya maboga na matango. Kinachoyaunganisha maboga na bangi yako ni mazingira: usiku wa baridi, mchana wa joto la wastani, majani yaliyobanana. Hali inayomfaa mmoja inamfaa na mwenzake. Kwa hiyo maboga chukulia kama mlinzi wako. Yakianza kuwa meupe mwakani, ujue saa imefika ya kukagua miche mingine.

Watu wengi hudhani ubwiri unaletwa na mvua, na hapo ndipo wanapopotea. Kuvu wengine wanahitaji tone la maji juu ya jani ili mbegu zao ziote. Huyu hahitaji. Anataka hewa yenye unyevu, kivuli na jani changa, na mvua kubwa humwosha akaanguka. Ndiyo maana kwenye korosho anakuja kiangazi, Juni mpaka Septemba, wakati mbingu ni kavu lakini usiku ni wa ubaridi na umande, na mti umetoa majani na maua mapya. Na anaishi juu ya jani, si ndani. Anatandaza nyuzi zake juu ya ngozi ya jani na kuchomeka vijimrija vya kufyonza chakula kwenye seli za nje tu. Hilo ni jambo zuri kwako, kwa sababu chochote utakachopulizia kinaweza kumfikia alipo.

Lakini hata Kusini salfa haikuwa peke yake, na hili baba yako lazima alikufundisha: kupogoa. Machipukizi ya ndani ya mkorosho, yale yanayoota kivulini karibu na shina, ndiyo yanayomtunza kuvu mpaka msimu mwingine. Mkulima aliyeyaondoa kabla ya maua alianza msimu na adui wachache. Ugonjwa huu ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1970, zao lilikuwa limeshaanza kuanguka kwa sababu nyingine, watu kuhamishiwa vijijini na bei mbaya. Nchi iliyokuwa imetoa tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilijikuta katikati ya miaka ya 1980 haifikishi 20,000. Ubwiri ulikuwa mmoja wa waliotuangusha. Salfa ilisaidia sana kutuinua, robo kilo kwa mti kila baada ya wiki mbili, lakini aliyepuliza bila kupogoa alikuwa anatupa hela hewani.

Kwa hiyo leo, kabla hujanunua chochote, chukua mkasi. Anza na miche mizima, malizia na wagonjwa, wala usirudi nyuma. Jani lenye unga liingize kwanza ndani ya mfuko, ndipo ukate, usilitikise. Mfuko ufunge, uende takatakani, si kwenye mboji. Mkasi ufute kwa spiriti kila ukihama mche. Kisha fungua sehemu ya chini: theluthi ya chini ya kila mche toa majani na vitawi visivyoona jua. Kama mche uko kwenye ndoo, usogeze. Kama uko ardhini, vuta matawi kwa kamba mpaka katikati paonekane.

Salfa niachie kidogo, nataka wanaojua bangi waseme. Korosho ina ganda. Salfa tuliyopuliza juu ya maua mwezi wa saba haikumfikia mlaji. Ua lako halina ganda.

mkulima_bc

Dada, pole sana. Mimi ni Mkenya, niko British Columbia, mwaka wa sita nafanya kazi kwenye grinihausi ya bangi yenye leseni. Mzee amesema yote ya maana kuhusu hewa. Mimi nijibu mambo mawili, dawa na mapafu.

Salfa: usitumie sasa. Tunayo, na ni dawa nzuri, lakini ni ya mche mchanga ambao haujatoa maua. Ikishaingia kwenye ua haitoki, ladha inabaki na moshi wake unawasha koo na kifua. Hata kwa mche mchanga usiipulizie joto likipita 30, itaunguza majani, na usiikaribishe na mafuta ya aina yoyote, mwarobaini ukiwemo, ndani ya wiki mbili. Nimeona mche ukipukutisha majani yote kwa kosa hilo.

Kinachokufaa ni potasiamu baikaboneti. Tafuta ile iliyosajiliwa kama dawa ya ukungu na inayotaja bangi kwenye lebo, ufuate kipimo cha lebo. Inamuua kuvu kwa kumgusa tu, haibaki kulinda, kwa hiyo rudia baada ya siku tano hadi saba, juu na chini ya jani. Pulizia jioni jua likiwa limepoa, lakini mapema ya kutosha ili majani yakauke kabla ya umande. Bekingi soda ya jikoni nayo inafanya kazi, ila sodiamu yake hujilimbikiza kwenye udongo na kuumiza mizizi. Maua yakishakuwa mazito, acha kupulizia kabisa. Unyevu ukinasa ndani ya ua utaleta kuoza kwa kijivu, na huo ni mbaya kuliko huu unga. Ubwiri unakula juu, kuoza kunakula moyo wa ua na huoni mpaka ulipasue.

Sasa nisikie vizuri hapa. Kuna dawa za bustani za waridi na nyasi zenye mayklobutanili. Zinaua ubwiri vizuri mno, jani linarudi kijani mpaka unashangaa. USITUMIE. Zinaingia ndani ya mmea, huwezi kuziosha, na zikichomwa hutoa gesi ya sianidi. Huku Kanada mwaka 2016 na 2017 kuna bangi ya matibabu iliyorudishwa kutoka kwa wagonjwa baada ya kupimwa na kukutwa nayo. Wagonjwa! Watu waliokuwa wananunua wapone. Tangu hapo mazao ya wenye leseni yanapimwa mabaki ya dawa, na orodha ni ndefu. Mche wa uani haupimwi na mtu. Wewe ndiwe maabara.

Maua yenye unga: yatupe. Ubwiri wenyewe si kuvu anayeota ndani ya mtu, lakini kuvuta vumbi lake kunaweza kuamsha pumu, kikohozi na mzio, na ua lililoshikwa mara nyingi linabeba na kuvu wengine huwaoni. Mtu mwenye kinga dhaifu asikaribie hata kidogo. Watu huosha maua kwa maji yenye peroksidi baada ya kuvuna na kusema yamepona. Yanaonekana masafi, basi. Mimi simpi mtu ninayempenda.

Ila usichanganye. Maua yakikomaa yanafunikwa na vinywele vidogo vinavyong'aa, na wageni wengi wanatupa mche mzima wakidhani ni ubwiri. Chukua lenzi ya kukuzia. Kinywele cha ua kina kichwa cha mviringo kama uyoga na kinanata kidoleni. Ubwiri ni utando wa nyuzi, haunati, na ukiufuta unaacha kijani chini.

shamba_dogo_arusha

Mimi ya bangi siyajui, ila kwa hayo maboga jaribu maziwa: sehemu moja ya maziwa, tisa za maji, asubuhi kukiwa na jua, mara moja kwa wiki. Kuna mtafiti wa Brazili, Wagner Bettiol, aliyachapisha mwaka 1999 baada ya kujaribu kwenye maboga madogo ya huko, na kwangu yamefanya kazi miaka mitatu. Kwenye kitu cha kuvutwa nisingeyaweka, maziwa yanaganda na kunuka.

mwana_wa_newala (11 Oktoba)

Nimerudi kutoa taarifa, kwa sababu mlinijibu kama ndugu.

Siku ile ile niliyosoma jibu la mzee nilishika mkasi. Nilijaza mifuko miwili. Miche ilibaki kama kuku aliyenyonyolewa na mume wangu akasema nimeiua, lakini kesho yake saa tatu asubuhi nilipita mkono katikati na umande ulikuwa umeshakauka. Kabla ya hapo ulikuwa unadumu mpaka saa tano. Hapo nikaelewa baba alikuwa anatafuta nini alipokuwa anasimama chini ya mkorosho na kutazama juu, anatafuta mbingu kati ya matawi.

Baikaboneti nilipulizia mara tatu: 26 Agosti, 1 Septemba na 7 Septemba, nikaacha. Mche wa nne haukurudiwa tena. Wa kwanza na wa pili sikuona hata doa.

Wa tatu ulinishinda. Tarehe 19 Septemba, baada ya siku nne za ukungu mzito, niliona unga kwenye vijani vidogo vinavyochomoza kwenye maua yenyewe. Nilitumia lenzi, nikatamani sana viwe vile vinywele. Havikuwa. Ulikuwa ndio mche mkubwa kuliko yote, umenifika kidevuni. Niliufunika kwa mfuko mkubwa wa takataka kuanzia juu, nikaukata chini, nikafunga mdomo wa mfuko pale pale. Mume wangu alisimama mlangoni akauliza kama hakuna hata tawi moja la kuokoa. Nikamwambia hapana. Hakuuliza mara ya pili.

Mitatu iliyobaki nimevuna tarehe 4 mwezi huu. Nimeitundika chumba cha chini chenye giza, feni inazungusha hewa bila kupiga maua moja kwa moja, na mashine ya kukausha hewa inafanya kazi usiku na mchana. Kila ua kubwa nimelipasua katikati kabla ya kutundika, kama mkulima_bc alivyonitahadharisha, na mawili yalikuwa na kijivu ndani. Yamekwenda takatakani.

Mwakani nitapanda miwili tu, nafasi mita moja na nusu, upande wa mashariki wa ua ambako jua linaingia saa moja na nusu. Maboga nitayaacha yalipo. Maziwa yamefanya kazi, tumekula mboga ya majani ya maboga mpaka wiki iliyopita.

Mzee, kaka yangu bado anapulizia ile mikorosho ya baba. Jana nilimpigia simu, nikamuuliza kama huwa anavaa barakoa na miwani akiwasha bomba. Akacheka, akasema tangu lini. Nimemtumia hela anunue, na mke wake ameahidi kunipigia picha akiwa amevaa.