Mdogo wangu akatwe kinyama cha kupimwa kwa usingizi au kwa ganzi?

Dada wa Busia: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mdogo wangu wa miaka 19 amevimba tezi za shingo tangu Pasaka. Daktari anashuku saratani ya limfu, anataka kukata kinyama Jumanne huko Kampala. Karatasi inasema atalazwa usingizi kabisa. Mama amekataa, eti wa hivi wakilazwa hawaamki. Nimwelezeje?

Fundi Namuwongo: Pole dada. Jaribuni majani ya mpapai kwanza.

Nusukaputi: Mpapai muuacheni. Dada, kijana anaweza kulala chali?

Dada wa Busia: Umejuaje? Mwezi mzima analala ameketi, mito mitatu. Akilala chali anakohoa, na asubuhi uso umevimba.

Nusukaputi: Basi mama hakukosea sana. Kazi yangu ni hiyo ya kulaza watu. Limfoma, yaani hiyo saratani ya limfu, huweza kuota kifuani, nyuma ya kidari, ikabana koo la hewa na mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Akiwa macho, misuli yake inaiweka njia wazi. Ukimpa usingizi na dawa ya kulegeza misuli, njia inaweza kujifunga, na mpira wa kupumulia usipite palipobanwa. Msingoje Jumanne, dalili hizo ni za kwenda leo. Apigwe picha ya kifua, na CT, ile picha ya mashine ya kina, kama ataweza kuilalia. Tezi ya shingo mara nyingi hukatwa kwa sindano ya ganzi tu, mgonjwa ameegemea. Tena asipewe deksamethasoni, dawa ya steroidi, ovyo, hata ya kuzuia kichefuchefu: inaweza kusinyaza uvimbe kabla ya kinyama, majibu yakaharibika. Na seli za uvimbe zikifa kwa mkupuo, figo zinaumia.

Mama Kadogo, Gulu: Mwanangu alikuwa na Burkitt ya taya, aina ya limfoma, ile iliyoandikwa na daktari Burkitt wa hospitali ya Mulago 1958. Kila sindano ya mgongo alilazwa kwa dawa ya usingizi ya ketamini, akaamka akidai soda. Kwa hiyo mama asidhani ni wote. Ila damu ilipimwa kwanza, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa chini tulirudishwa nyumbani.

Nusukaputi: Kweli, wa taya si sawa na wa kifua.

Dada wa Busia: Tumepata gari la jirani. Juu ya daftari lake la hospitali nimeandika kwa kalamu nyekundu: HAWEZI KULALA CHALI. Mama ndiye amelishika.