Mnaorudi shule kuitafuta sheria mkiwa kazini, mnakazaje? Tupeane uzoefu

Mzee wa Stoo
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 36, mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja Chang'ombe, mke mmoja, watoto wawili. Nimejisajili kama PC (mtahiniwa wa kujitegemea), Form Six mwezi Mei, HKL (History, Kiswahili na English Language), natafuta principal pass mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili, niingie LLB, shahada ya sheria. Form Four nilitoka na C tatu, yaani zile zile za kuruhusiwa kusajiliwa, haikuzidi hata moja.

Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa wa moto kweli. Sasa nafungua kitabu saa tatu usiku, saa tatu na robo nimekilalia. Juzi mama watoto kanitoa History usoni taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba wa samaki. Maneno ya hamasa sitaki, ninayo ya kutosha kwenye magrupu ya WhatsApp. Nataka mtu aniambie siku ya Jumanne usiku, mwili umekwisha, yeye alifanya nini.

Sista wa Zamu
Alilala.

Sitanii kaka. Mimi ni muuguzi, Mwanza, na nilipoteza karibu mwaka mzima nikipigana na usingizi wa usiku. Ukitoka zamu ya mchana umesimama kwa muda wa saa nane, unasoma ukurasa mmoja mara nne na asubuhi hukumbuki hata kichwa cha habari. Nikaacha. Saa tatu nalala pamoja na watoto, saa kumi alfajiri naamka, napasha chai ya jana, nasoma mpaka saa kumi na mbili kasoro. Wiki ya kwanza niliumwa kichwa kila siku. Ya tatu mwili ukazoea.

Jambo la pili, acha kusoma tu, andika. History haikupi alama kwa kuelewa moyoni. Nilikuwa nachukua swali moja la pepa za nyuma, naweka simu dakika 40, naandika insha kamili kwa Kiingereza. Za mwanzo zilikuwa aibu tupu, kujieleza kwa Kiingereza cha mtihani ni kazi wakati kutwa nzima unaongea Kiswahili na wagonjwa. Lakini insha kumi zikishalala kwenye daftari unaziona, unazihesabu. Hiyo ndiyo iliyonisukuma kuliko kitu chochote.

Sarufi nilifanyia kazini. Nasukuma toroli la dawa huku napasua vitenzi kichwani. "Anayempikia" ina mofimu ngapi, yaani vipande vidogo vyenye maana? Mpaka nifike kitanda cha mwisho nina jibu. Sasa hivi niko mwaka wa pili Chuo Kikuu Huria, sheria hiyo hiyo.

Konda Mstaafu
Mimi nililipa twisheni ya miezi sita yote kwa mkupuo. Nikisinzia naikumbuka ile hela. Usingizi kwisha.

Pointi Nne
Mzee wa Stoo, kabla hujaenda mbali: principal mbili peke yake hazitoshi. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) zinatakiwa zifike pointi 4. D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili, au C na E. Na chuo kinaweza kutaka zaidi ya hapo. Nakwambia kwa sababu mimi nilitoka na E mbili na S moja (ufaulu mdogo, haufiki principal), nikachinja kuku, nikaita majirani. Shemeji yangu mwalimu ndiye aliyeniuliza pole pole, "umezijumlisha?" Kuku kashaliwa.

Nilikaa miezi minne sigusi kitabu, hata kupita njia ya kituo cha twisheni sitaki. Kilichonirudisha ni kitu cha ajabu kidogo: niliingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kumsindikiza jirani kwenye kesi ya mpaka wa kiwanja. Yule mama alikuwa na haki yake kabisa, ila kila akiulizwa swali anaanza hadithi ya mwaka waliohamia. Hati iko kwenye mkoba, haitoi. Nilikaa kwenye benchi najiuma vidole. Jioni ile nikaenda kununua daftari.

Karani wa Milimani
Kwani lazima Form Six? Mimi nilipitia Lushoto, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, cheti kisha diploma ya sheria. Ukitoka na GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0 unaomba LLB kwa sifa linganishi. Ila inabidi ukae darasani, na bosi wangu alininyima ruhusa mara mbili, ya tatu nikaacha kazi. Sikushauri uniige kama una watoto. Na baridi ya kule, andaa blanketi mbili.

Mwana wa Likoni
Huku kwetu Kenya mlango wa LLB ni C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, pamoja na B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Kiingereza nilipata C, nikajua basi tena, miaka tisa naamini hivyo. Siku moja nausoma ule mstari vizuri nikiwa kwenye feri: *au*. Kiswahili nina A! Abiria wenzangu walinitazama, maana nilicheka kwa sauti. Ndugu yangu, soma masharti mwenyewe, usisomewe na watu.

Mzee wa Stoo
Pointi Nne, asante, hilo la kujumlisha sikulijua. Nimemwambia mama watoto kuku asubiri.

Wiki hii nimejaribu saa kumi alfajiri. Siku tatu kati ya tano nimeamka, mbili nimeizima kengele. Insha moja, kuhusu Mdodoro Mkuu wa 1929, kurasa mbili na nusu, mbaya.

Leo lori lilichelewa, nikapasua "anayempikia" nyuma ya hati ya mzigo: a-na-ye-m-pik-i-a. Saba. Msimamizi akaiokota mezani, akaigeuza mara mbili, akaniuliza huo ni msimbo wa siri wa kuibia saruji?