Ushirikishwaji wa jamii katika makumbusho ya sanaa: kazi huanzia wapi?

Mratibu Mpya ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimeajiriwa hivi karibuni kuwa mratibu wa ushirikishwaji wa jamii katika makumbusho ya sanaa, nafasi ambayo haikuwapo hapo awali. Siku za kuingia bila kiingilio watu hufurika, watoto huchora na wazazi hupiga picha, lakini wiki inayofuata kumbi huwa tupu kama kawaida. Mkurugenzi anataka idadi ya wageni ipande kabla mwaka wa fedha haujafungwa, na msimamizi wa maonyesho, ambaye nauheshimu sana ujuzi wake, anahofia kwamba wakazi wakipewa nafasi ya kuchagua kazi za kuonyeshwa, viwango vitashuka. Mimi naamini kwamba watu wanaoishi jirani na jengo hili wana haki nalo zaidi ya kuja kutazama tu. Naomba wenye uzoefu wanieleze kazi hii huanzia wapi, na nitajuaje kwamba imefaulu ikiwa si kwa kuhesabu watu mlangoni.

Mwalimu wa Ukumbini amejibu:

Karibu sana, ndugu. Ushauri wangu ni kwamba usianze na tukio, anza na uamuzi. Kabla hujamwalika mtu yeyote, keti na mkurugenzi mkubaliane ni jambo gani hasa makumbusho yapo tayari kuliachia mikononi mwa wakazi: ukuta mmoja, mada ya onyesho moja, fungu fulani la bajeti, au maelezo yatakayoandikwa kando ya picha. Mkazi aliyeitwa kutoa maoni huku kila kitu kikiwa kimekwisha kuamuliwa hulitambua hilo upesi, na kumrudisha baadaye ni kazi ngumu kuliko kumwita mara ya kwanza.

Mwaka 1969 una mifano miwili inayofaa kutazamwa kwa pamoja. Mwezi Januari, Metropolitan Museum of Art ya New York ilifungua onyesho kubwa kuhusu Harlem, mtaa maarufu wa watu weusi mjini humo, lililosheheni picha za kamera, lakini halikuwa na mchoro wala sanamu ya wasanii weusi wa Harlem, ilhali wasanii hao walikuwapo na walikuwa wakifanya kazi wakati huohuo. Waliandamana mbele ya jengo, na walikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa jamii yao ilikuwa imefanywa kitu cha kutazamwa bila kupewa kauli. Mwaka huohuo mjini Washington, makumbusho madogo ya Anacostia, yaliyoanzishwa na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa la Marekani, mwaka 1967 katika jengo lililokuwa la sinema na kuongozwa na John Kinard, yaliandaa onyesho kuhusu panya, ndani yake wakiwamo panya hai, kwa sababu panya ndio waliokuwa wakiwasumbua wakazi majumbani mwao. Najua kwamba Anacostia hayakuwa makumbusho ya sanaa, lakini funzo linatuhusu moja kwa moja: mada ilitoka kwa majirani, kisha wataalamu wakaifanyia kazi, na si kinyume chake.

Msimamizi wa Maonyesho amejibu:

Nitazungumza kutoka upande wa mwenzako anayehofia viwango, kwani hofu hiyo naifahamu na si ya kubezwa. Mara nyingi inatokana na kuchanganya mambo mawili, yaani uchaguzi wa kazi na utunzaji wake. Mwanga unaoangukia kazi za karatasini, ambao kwa kawaida hauzidi takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwangaza), haupigiwi kura. Hali kadhalika unyevu wa hewa, bima, na masharti ya wamiliki waliotuazima kazi zao. Mambo hayo wakazi waelezwe katika kikao cha kwanza, pamoja na sababu zake, kwa sababu mtu mzima aliyeelezwa sababu hukubali mipaka iliyowekwa kwa urahisi zaidi kuliko yule anayeigundua mwishoni. Lakini ni picha ipi itundikwe, ikae karibu na ipi na iulize nini, hapo sioni kwa nini shahada yangu iwe sauti pekee.

Mwambie mwenzako asome habari za onyesho la mwaka 2022 katika Baltimore Museum of Art nchini Marekani, ambalo kazi zake zilichaguliwa na walinzi 17 wa makumbusho hayohayo. Hawakuachwa peke yao: walilipwa kwa muda wao, na walifanya kazi bega kwa bega na wasimamizi, wataalamu wa uhifadhi na wabunifu wa kumbi. Mlinzi hukaa na picha saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo, akiwasikia wageni wakisema yale wasiyoweza kumwambia mtaalamu. Huo nao ni ujuzi, na kwa miaka mingi tumeuacha umesimama pembeni ya milango yetu.

Mfanyakazi wa Siku Nyingi amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila naona wamemwacha mwuliza swali kwenye onyesho moja, na onyesho hufungwa. Mwaka 2011 nchini Uingereza ulichapishwa uchunguzi wa Bernadette Lynch, mtafiti wa masuala ya makumbusho, uliofanywa katika makumbusho 12, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba ushirikishwaji, licha ya fedha nyingi za wafadhili, ulikuwa bado umebaki pembezoni mwa taasisi hizo. Wengi wetu tunaliishi jambo hilo. Fedha za mradi zikiisha, mratibu huondoka na simu yake yenye namba zote, na wazee waliomwamini hubaki wakiuliza alikokwenda. Uhusiano unapaswa kuwa wa taasisi, maana yake uwe katika bajeti ya kudumu na katika majukumu ya zaidi ya mtu mmoja.

Kuhusu vipimo, zingatia kisa cha Detroit Institute of Arts, makumbusho ya sanaa nchini Marekani. Mwezi Agosti 2012, wapiga kura wa kaunti tatu walikubali kulipa kodi ya majengo kwa miaka 10 ili kuyategemeza makumbusho hayo, na kwa upande wake makumbusho yaliahidi kiingilio cha bure kwa wakazi wote wa kaunti hizo, pamoja na huduma kwa shule na wazee. Kura ya mwaka 2020 ikaiongezea kodi hiyo muda. Si kila makumbusho yanaweza kupigiwa kura ya kodi, lakini wazo la ahadi zilizoandikwa, ambazo wakazi wanaweza kuzitumia kutudai, linawezekana popote. Pima basi ni ahadi ngapi zimetimizwa, ni wangapi wamerudi bila kualikwa, na ni maamuzi gani yamebadilika kwa sababu wakazi walisema.

Mratibu Mpya ameandika:

Nawashukuru kwa dhati. Nitapeleka kwa mkurugenzi pendekezo la ukuta mmoja kwa mwaka mzima, pamoja na orodha ya mambo yasiyojadiliwa, iliyoandikwa kwa lugha inayoeleweka. Swali la mwisho: je, wakazi watakaokaa katika kamati ya kuchagua kazi za ukuta huo walipwe, au posho itaharibu moyo wa kujitolea?

Mwalimu wa Ukumbini amejibu:

Walipwe. Katika kikao hicho wewe utalipwa, msimamizi atalipwa, na mbunifu wa ukumbi atalipwa, kwa hiyo sioni hoja ya haki ya kumwacha mkazi awe mtu pekee anayetoa ujuzi wake bure. Posho, nauli na gharama za kuangaliwa watoto ziingie katika bajeti ya mwaka ya makumbusho, si katika fedha za mfadhili, na kiwango kitajwe kwenye barua ya mwaliko ili mtu aamue akijua. Vikao navyo viwe jioni au mwishoni mwa wiki, kwani ukiviweka saa za kazi utapata kamati ya wastaafu na wanafunzi tu.