Magofu ya Tongoni: mbona nguzo zinaanguka?

Mkaazi wa Chumbageni: Wakuu, Tongoni ni ya lini, na kwa nini nguzo nyingi za makaburi zimeanguka?

Fundi Chokaa: Karne ya 15 hivi, mkuu. Msikiti na makaburi yapata 40, kusini mwa Tanga, njia ya Pangani. Ni matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Mizizi ikipenya, viungo huachia. Msizibe kwa saruji! Unyevu wa chumvi hukwama ndani, jiwe likamomonyoka. Tumieni chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo ya chumvi. Vile vishimo vya duara kwenye nguzo ndipo zilipopachikwa bakuli za kauri.

Nahodha: Nyongeza: bahari ya Mtangata, hapo Tongoni, ina mafungu mabaya (miinuko ya mchanga na miamba chini ya maji). Merikebu São Rafael ya Vasco da Gama ilikwama hapo 1498. 1499 akaichoma kwa kuwa mabaharia walikuwa wamepungua. Mkija kwa chombo, subirini maji yajae.